Nabaki na ipi: Canon yote, Nikon mbili, au X100F peke yake?

Mkoba Mmoja (mwenye mada)

Wadau, mwisho wa mwezi nahama Kahawa West naenda bedsita Ngara, karibu na kazi. Kabati la kamera haliendi. Nimejiwekea sharti: kitakachobaki kiingie kwenye mkoba mmoja wa mgongoni, ule ninaoweza kuupakata kwenye matatu bila kondakta kunidai nauli ya kiti cha pili.

Vitu vyenyewe ni hivi. Upande wa Canon kuna 5D Mark III, 80D, 24-105 f/4L toleo la kwanza, 70-200 f/2.8L IS II, 85 f/1.8, 50 f/1.8 STM, 10-18 ya EF-S, na Tamron 150-600. Nikon ni D750, FM2 ya filamu, 50 f/1.8D na 28 f/2.8 AI-S. Halafu kuna X100F ya Fujifilm.

Harusi na ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu) bado napiga, ila siku hizi nimeajiriwa, kwa hiyo si kila Jumamosi. Naona njia tatu. Ya kwanza, nibaki Canon tupu. Ya pili, nibaki Nikon, kwa sababu D750 inavumilia nikinyanyua vivuli (kung'arisha sehemu za giza kwenye kompyuta) kuliko 5D, na ile 50 inaingia D750 na FM2 zote mbili. Ya tatu, niuze kila kitu isipokuwa X100F, kazi ikija nikodishe. Nyinyi mngefanyaje?

Shata Kuukuu

Usianze na bodi, anza na mdomo wa lenzi, pale inaposhikana na kamera. Lenzi za EF, mdomo wa Canon ulio nao, zilianza 1987, na leo ukinunua bodi yoyote ya RF, mdomo mpya wa Canon, unaweka adapta na zinafanya kazi kama zilivyokuwa, fokasi na kila kitu. Ndani ya adapta hiyo hamna kioo, ni nafasi tu ya kufidia umbali: EF inataka milimita 44 hadi kwenye sensa, RF inataka 20. Hakuna ubora unaopotea.

Zaidi ya hapo, hiyo 85 yako haina kizuia mtikisiko. Siku ukipata R6, bodi ya RF, yenyewe inazuia. Lenzi ya 1992 inapata kitu ambacho haikuzaliwa nacho.

Sasa linganisha na Nikon. Mdomo wake wa F ni wa 1959, heshima zake zipo. Lakini 50 f/1.8D inasukumwa na mota iliyo ndani ya bodi. D750 inayo. Adapta ya FTZ, ya kuweka lenzi za F kwenye kamera mpya za Nikon Z, haina, kwa hiyo ukihamia Z unazungusha fokasi kwa mkono. Njia ya pili inakufikisha ukutani.

Mama wa Fremu

Nakubaliana na Shata kuhusu kesho, lakini huyu anauliza habari ya Jumamosi ijayo.

Nimezitumia zote mbili kazini. Bwana harusi wa suti nyeusi, kanisa lenye taa za zambarau, umekosea mwanga: faili ya D750 unainyanyua na inatulia. Ya 5D III, hasa ISO za chini, ukivuta vivuli sana mistari inajitokeza. Hilo halina ubishi. Ila ukipiga mwanga sawasawa tofauti hiyo huioni, na mteja hajawahi kuniuliza kivuli cha mkono kina rangi gani. Anauliza picha zitakuwa tayari lini.

Kinachonisumbua kwenye 5D ni kadi. Tundu moja ni la CF, la pili SD, na lile la SD ni la polepole. Ukichomeka CF mshazari kwa haraka za kanisani, pini moja ndani inalala, na hapo kazi imeisha. Kabla hujaamua, mulika tochi ndani ya tundu uangalie pini zimesimama mstari mmoja.

Jambo lingine ni betri. 5D III na 80D zinakula LP-E6 ileile, na hata R6 inaipokea. D750 ina yake, Fuji ina yake. Kwa mtu wa mkoba mmoja, chaja tatu ni upuuzi.

Ndege Mbugani

Naona kila mtu anaitupa 80D kimyakimya. Tulieni kidogo. Pale Mbuga ya Taifa ya Nairobi, simba akilala mbali na majengo ya jiji yakiwa nyuma yake, Tamron kwenye 80D, yenye sensa ndogo, inakupa mwonekano wa lenzi ya 960, na bado una megapikseli 24 juu ya mnyama. 5D III ukiikata hadi upana uleule unabaki na kama nane na nusu hivi. Kwa ndege mdogo tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe.

Mkoba Mmoja

Ndege, umesema kweli, lakini niambie ukweli mwingine: Tamron ina karibu kilo mbili. Ikiingia hiyo, mkoba umejaa. Na mimi mbugani naenda wageni wakija.

Ndege Mbugani

Basi iuze, tena kwangu ukitaka. Ila 80D na 10-18 ziuze pamoja. Hiyo 10-18 haingii kabisa kwenye 5D, na mtu anayeanza akikuta bodi na lenzi pana kwa pamoja hana haja ya kutafuta kwingine.

Kijana wa Tom Mboya

Mimi niko njia ya tatu. X100F hiyo mnaizungumzia kama pambo. Ina 23 f/2, yaani mwonekano wa 35, shata yake iko ndani ya lenzi na haisikiki hata mtu akiwa amekaa kiti cha mbele yako. Ndani kuna kichujio cha kupunguza mwanga stopu tatu, unafungua f/2 saa saba mchana bila wasiwasi. Mvua ikishanyesha jioni, matatu zimewasha taa, lami inang'aa, unapiga kutoka mlangoni mwa duka na hakuna askari anayekujia kukuuliza kibali. Jaribu kutoa 70-200 nyeupe hapo uone.

Kwenye bei pia, toka X100V, toleo lililofuata, ivume mitandaoni, ndugu zake wakubwa hawajashuka kama DSLR, kamera za kioo kama 5D na D750, zilivyoshuka. Ukiuza leo, kuirudisha itakuuma.

Mama wa Fremu

X100F nzuri, lakini ruracio ya watu mia tatu chini ya hema, wazee wamekaa mbele, wewe umezuiwa kusogea? Utapiga migongo.

Kijana wa Tom Mboya

Ndiyo maana nikasema akodishe.

Mama wa Fremu

Desemba jaribu kukodisha 70-200. Kila mtu ana harusi wiki hiyohiyo.

Chumba cha Giza

Jamani FM2 hakuna anayeitetea? Shata yake ni ya chuma na springi, inakwenda hadi 1/4000 bila betri. Betri ni ya kipima mwanga tu. Kamera zenu zote hapo juu zikikosa chaji ni matofali. Bodi haifiki gramu 600. Na hiyo 50 f/1.8D, kwa kuwa ina pete ya tundu la mwanga, inaifaa kabisa. Lenzi za G zisizo na pete zingekwama kwenye tundu dogo kabisa.

Nikiwa hapa: kabla ya kuuza au kubakiza lenzi yoyote, zima taa uikague kuvu. Nairobi si Mombasa, lakini lenzi iliyolala kwenye mkoba uliofungwa toka masika, Machi hadi Mei, inaweza kukushangaza. EF ukiitoa kwenye kamera tundu la mwanga linabaki wazi lenyewe. Ile 28 ya AI-S zungusha pete hadi f/2.8. Weka tochi ya simu nyuma, angalia kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi ni vidoti. Kuvu ni nyuzi, kama utando wa buibui unaoanzia ukingoni. Ukiiona, hiyo usiiweke mkoba mmoja na nyingine, na mnunuzi mwambie.

Shata Kuukuu

Kwa aliyebaki njia panda: fungua Lightroom, ile programu ya picha, chuja picha kwa lenzi. Itakuambia yenyewe unatumia nini.

Mama wa Fremu

Hapo nakukatalia. 70-200 itashinda daima kwa sababu kanisani unaachia shata mfululizo bibi harusi akitembea. Picha arubaini, unampa mteja mbili. Chuja zile ulizokabidhi, au zile ulizochapisha ukaning'iniza. Orodha inageuka kabisa. Kwangu mimi 85 ilipanda juu, na 24-105 ikashuka hadi chini, wakati ndiyo hukaa kwenye kamera siku nzima.

Na hiyo 24-105 ya kwanza ina ugonjwa unaojulikana: waya bapa wa tundu la mwanga hukatika kwa kukunjwakunjwa, kamera inakuandikia Err 01. Kama yako bado nzima, iuze ikiwa nzima.

Mkoba Mmoja

Nimefanya alivyosema Mama, nimechuja za kukabidhi tu. 85 na 70-200 zimebeba karibu kazi yote. Kinachofuata, hata sikutarajia, ni X100F, kwa sababu mapambo, chakula na akina mama jikoni nilikuwa napiga nayo huku 5D ikining'inia begani.

Kwa hiyo inabaki 5D III na 70-200 na 85, na X100F inashika upande mpana. Hapo 24-105 haina kazi tena. 50 STM ni gramu 160, hiyo siipigii hesabu, inabaki. Kazi ikiwa kubwa nitakodi bodi ya pili ya Canon, betri ninazo. Chaja mbili, Mama, nivumilie. D750 inaondoka na sina raha nayo, lakini kuilisha lenzi upya siwezi.

Tamron ni ya Ndege. 80D na 10-18 pamoja.

Shata Kuukuu

Sawa kabisa. D750 yako utapata swali la shata imepiga mara ngapi: mnunuzi mpe JPEG moja isiyohaririwa kutoka kwenye kamera, idadi imeandikwa ndani ya faili. Pia angalia namba ya bodi kwenye tovuti ya Nikon, kwani walitoa tangazo kuhusu shata za D750 mwaka 2015 na wakalipanua baadaye. Ya 5D haiandikwi kwenye picha, inasomwa kwa waya na programu, lakini hiyo huiuzi.

Mkutane mchana, mahali pa watu. Na pesa ikitumwa, fungua salio lako mwenyewe uone imeingia. Ujumbe kwenye skrini si pesa, siku hizi wanautunga.

Chumba cha Giza

Na FM2?

Mkoba Mmoja

Filamu, kuosha, kuskani, kila roli ni hesabu ya chakula cha wiki. Inauzwa pamoja na 50 na 28. Zote nimezimulika, ziko safi.

Chumba cha Giza

Usiiweke sokoni. Nitumie bei kando, Jumamosi niko Ngara.