Kamati ya Ubatizo: mtoni au birikani?

Mwinjilisti: Bwana asifiwe wapendwa. Darasa limemaliza, watu wazima 31. Lililobaki ni moja, mtoni au tuchimbe birika?

Mzee wa Kanisa: Amina. Mtoni, mwanangu. Filipo na yule Mwethiopia waliteremka majini wote wawili, hawakuchimba shimo.

Nesi: Shikamoo mzee. Filipo hakuwa na kichocho cha pale kwenye matete 😅 Maji yametulia, konokono wamejaa kwenye majani. Vimelea vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi kwa dakika chache tu, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali. Yaani saa zilezile ibada inapoishia.

Mzee wa Kanisa: Marahaba. Basi twende alfajiri.

Mwinjilisti: Alfajiri kiboko anarudi majini kutoka malishoni, mzee. Ukisimama katikati hakupishi.

Mzee wa Kanisa: Haya, chimbeni.

Fundi: Urefu mita 2, upana 1.2, kina cha shimo 1.2 lakini maji yaishie 0.9. Hiyo ni lita 2,160, madumu 108 ya lita 20. Watu wawili wakiingia maji yanapanda kama sentimita 5, hayamwagiki. Msijenge kwa mbao juu ya ardhi, maji hayo yana zaidi ya tani 2, mbao zitaachia mtu akiwa ndani.

Katibu: Turubai la ukubwa gani?

Fundi: Mita 6 kwa 5. Watu hupima chini tu wanasahau kuta, halafu turubai linatelezea ndani maji yakianza kujaa. Ng'oeni mizizi, mwageni mchanga kwanza. Ngazi ya mbao miguu yake ifungwe matambara, isitoboe.

Kijana wa Kwaya: Maji kwaya tutateka Jumamosi 💪

Nesi: Hapana mdogo wangu. Maji ya mto yakikaa saa 48 bila konokono, vimelea vinakufa vyenyewe. Tunabatiza Jumapili saa 4, kwa hiyo dumu la mwisho liingie Ijumaa kabla ya saa 4 asubuhi. Anzeni Alhamisi. Chujeni kwa kitambaa kizito, konokono mmoja akipita hesabu yote imeharibika. Na asije mtu Jumamosi jioni akaongeza dumu moja "lijae vizuri". Tutakuwa tumeanza upya.

Kijana wa Kwaya: Sawa dada. Na sisi tunaoteka?

Nesi: Mabuti ya mpira, na mteke kwenye mkondo, si kwenye majani.

Mama Mlezi: Birika lifunikwe na liwe na mlinzi usiku na mchana. Shimo la maji karibu na watoto si mchezo. Kingine, nguo. Nyeupe nyepesi ikilowa inaonyesha kila kitu. Ndani wavae nguo nzito ya rangi ya kiza, na pindo la kanzu lishonewe vikokoto, la sivyo linaelea hadi kifuani. Akina mama wawili wakae pale ngazi inapoishia na khanga kavu.

Mchungaji: Asanteni. Kuhusu kushika: mbatizwa anajibana pua kwa mkono mmoja, wa pili anashika kifundo cha ule wa kwanza. Mimi mkono mmoja katikati ya mabega yake, mwingine juu ya mikono yake. Akunje magoti kidogo, nimlaze kinyumenyume. Akikaza miguu uzito wote unaniangukia, tunazama wote. Maneno "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu" nayamaliza akiwa bado juu, avute pumzi, ndipo ashuke. Wafanyieni mazoezi pakavu.

Mwinjilisti: Na wenzetu wa ng'ambo wanaobatizia mtoni?

Mchungaji: Kichwa kielekee maji yanakotoka. Mkondo ukija kutoka miguuni unaingia puani moja kwa moja.

Nesi: Mwenye kifafa, mwenye selimundu (baridi inaamsha maumivu) na mama aliyekaribia kujifungua, naomba wasizamishwe.

Mchungaji: Hao nawamwagia kichwani. Kwetu Waanglikana ni ubatizo uleule, asiwaambie mtu kwamba wamepata nusu.

Mzee wa Kanisa: Mchungaji, na yule mwenye wake wawili? Zamani angerudishwa nyumbani.

Mchungaji: Ndivyo Lambeth ya 1888, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana duniani, ilivyoamua, abaki mwanafunzi bila ubatizo. Ya mwaka 1988 ikalegeza: abatizwe na wake zake walioamini pamoja na watoto, aahidi kutooa tena maadamu wake hao wapo hai, asilazimishwe kumwacha yeyote, na waumini wa hapa waridhie. Hilo la mwisho ndilo bado, mzee. Litajadiliwa kwenye kikao, si humu.

Mzee wa Kanisa: Sawa kabisa.

Katibu: Kitabu cha ubatizo naandika kabla ya maji, kwa wino. Kila mtu aje na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, herufi zifanane. Ikipishana hata moja, anakuja kuhangaika siku ya ndoa. Jina la kiasili linakubalika, msiwalazimishe kina George.

Mama Mlezi: 😂😂

Fundi: Baada ya ibada maji yatolewe siku hiyohiyo kwa mpira, ncha ya nje iwe chini kuliko sakafu ya birika, yatamalizika yenyewe. Kisha tunafukia. Nani ana mpira wa mita 10?

Kijana wa Kwaya: Upo stoo ya kanisa, ila una tobo katikati.

Fundi: Leta, tutakata tuunge.