Msumeno wa kuvuta au wa kusukuma kwa kazi ya finishi?

Fundi Randa: Wakuu, nataka msumeno mmoja wa mkono, kazi ni skatingi (mbao za chini ya ukuta) na fremu za milango. Wengine wananiambia wa Kijapani unaokata ukivuta, wengine wa mgongo wa shaba unaokata ukisukuma. Nichukue upi?

Kona45: Dozuki, huo wa Kijapani, bila kufikiri. Ukivuta, ubapa unanyooka wenyewe, ndiyo maana wameweza kuufanya mwembamba hadi milimita 0.3. Mkato ni uzi tu, kona inafunga. Anayejaza puti kwenye kona si fundi.

MzeePatasi: Si fundi? Nimelishia watoto kazi hii. Kuta hazina digrii 90, kijana! Kata 45 mbili safi kabisa, zipeleke kwenye pembe ya 92, uone mwanya. Lawama mpe mwashi, si puti yangu.

Kona45: Shikamoo mzee, sikukutaja. Ila pembe ya 92 unaigawa, kila upande 46. Mbona rahisi?

MzeePatasi: Marahaba. Rahisi kwenye karatasi. Na hiyo dozuki ikigusa msumari, meno yanavunjika. Nyingi za sasa zimechomwa meno yawe magumu, tupa ya kunolea inateleza tu juu yake, unatupa ubapa mzima. Wangu wa kusukuma naunoa kwa tupa ya pembetatu, nusu saa narudi kazini.

MamaKabati: Mnagombana bure. Pembe ya ndani haikatwi 45 hata kidogo! Kipande cha kwanza kigongane na ukuta, cha pili ukichonge kwa msumeno wa upinde kifuate umbo la mwenzake. Ukuta uwe 88 au 92, kinakaa.

Kona45: Na pembe ya nje, mama?

MamaKabati: Ya nje ni 45, sijakataa.

Fundi Randa: Kwa hiyo ninunue upi?

Kona45: Mzee, puti yako unachanganya na nini?

MzeePatasi: Vumbi la mbao ileile, laini, na gundi nyeupe. Naibana kwa ncha ya kisu, ikikauka napiga msasa.

MamaKabati: Hiyo kwa rangi ya mafuta sawa. Kwa vanishi gundi hainywi, panabaki doa ambalo mteja analiona akiwa mlangoni.

Fundi Randa: Zangu ni vanishi.

MzeePatasi: Vanishi! Si ungesema tangu mwanzo? Hapo puti siitetei.