Naomba ushauri: pampu ya joto inapuliza hewa baridi

Habari zenu wakuu. Pampu ya joto ya nyumbani kwangu, ile yenye mashine moja ndani na nyingine nje, imegoma kupasha joto. Feni ya ndani inazunguka vizuri, kompresa ya nje naisikia ikinguruma, ila hewa inayotoka ni ya uvuguvugu tu, na baada ya nusu saa inakuwa baridi kabisa. Msimu wa joto ilipoza bila shida yoyote.

Nimeshasafisha chujio, nimebadili betri za rimoti na kuhakikisha ipo kwenye alama ya jua, nyuzi 24. Bado.

Kinachonitia wasiwasi ni barafu. Najua mashine ya nje kuganda kidogo wakati wa baridi ni kawaida, na kwamba yenyewe hugeuza mzunguko wa gesi kwa dakika chache ili iyeyushe. Yangu haiyeyushi. Tangu juzi imefunikwa na barafu nene, hasa sehemu ya chini.

Fundi aliyekuja anasema tuongeze gesi. Sijakubali, maana gesi haiishi kwa kutumika. Kama imepungua basi kuna mahali inavuja, na yeye hakupima presha wala kutafuta tundu. Mimi nashuku sensa ya kuyeyusha barafu, au vali inayogeuza mzunguko imekwama.

Aliyewahi kukutana na hili, alianza kupima wapi? Na je, niizime kwanza ili kulinda kompresa? Usiku watoto wanatetemeka, nisaidieni.