Antivirusi imegoma kutoka kwenye laptopu, nimefuta folda yake na sasa hali ni mbaya zaidi. Naombeni msaada

Kipanya Mkaidi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu,

Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga wa pili. Wa kwanza nimeshaufanya na nitausimulia bila aibu.

Laptopu yangu ni ya Windows 11, na ilikuja na antivirusi ya majaribio ikiwa imeshawekwa ndani. Sikuiomba. Muda wa majaribio ukaisha, na tangu hapo imekuwa kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado yuko mlangoni anapiga stori. Kila nikiwasha mashine linachomoza dirisha kona ya chini kulia: uko hatarini, lipia sasa. Nikiwa naandika linachomoza tena katikati ya sentensi, herufi mbili tatu zinamezwa huko na kwenye hati yangu panabaki pengo.

Juzi usiku uzalendo ukanishinda. Nikaingia Program Files, nikaishika folda yake nzima, nikabonyeza Delete. Mafaili mengine yakafutika, mengine yakagoma, Windows ikaniambia sina ruhusa. Ruhusa! Kompyuta yangu mwenyewe, akaunti ya msimamizi ni yangu mwenyewe. Nikafuta nilichoweza nikalala.

Hali ilivyo sasa: ikoni yake bado ipo pale chini, ila imewekewa alama nyekundu. Nikienda Settings, Apps, Installed apps, nikabofya vile vidoti vitatu na kuchagua Uninstall, inajibu kwamba faili la kuondolea halionekani. Kwenye Task Manager kuna michakato yake miwili bado inakimbia, nikijaribu kuiua naambiwa "Access is denied". Na Windows Security bado inaonyesha jina lake kwenye ulinzi wa virusi.

Nifanyeje? Kuna mtu kaniambia niformati, lakini kazi zangu zote zimo humo.

---

Taa Nyekundu

Formati tu mkuu. Utapoteza jioni moja, utapata amani.

---

Fundi Bila Bisibisi

Taa Nyekundu, wewe hata mtu akikosea kubonyeza Caps Lock unamwambia aformati.

Kipanya, pole. Ngoja nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa hutarudia. Faili la kuondolea programu huwa linakaa kwenye folda ileile ya programu. Wewe umelifuta na mengine. Yaani mlango wa kutokea umeubomoa na mpangaji bado yumo ndani.

Na usiichukie kwa kukunyima ruhusa. Kitu cha kwanza ambacho virusi vingi hufanya vikiingia ni kujaribu kuizima antivirusi. Kwa hiyo watengenezaji huiwekea driva, yaani programu ndogo za ndani kabisa, zinazoamka pamoja na kiini cha Windows, na kazi ya driva hizo mojawapo ni kuzuia mtu yeyote, hata msimamizi, asiguse mafaili na michakato yake. Haijui kama anayeipiga ni mwizi au ni mwenye mali. Kwa kawaida unaingia kwenye mipangilio yake, unazima hicho kipengele cha kujikinga, ndipo unaiondoa. Kwako dirisha lake limeshakufa, kwa hiyo njia hiyo sahau.

Zimebaki mbili.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni zana maalumu ya kufagia. Kampuni nyingi za antivirusi zinayo, kwa sababu tatizo lako si la leo. McAfee wana MCPR, Avast wana avastclear, Kaspersky wana kavremover, ESET wana ESET Uninstaller. Tafuta ya hiyo yako, na uipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Usibofye tangazo lililokaa juu kabisa kwenye matokeo ya utafutaji, utaongeza mgonjwa mwingine. Baadhi ya zana hizi zinafanya kazi ndani ya Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), kwa sababu humo driva nyingi za antivirusi haziamki.

Ya pili inachekesha ila inafanya kazi: isakinishe upya antivirusi hiyohiyo juu ya mabaki yake. Mafaili uliyofuta yanarudi, faili la kuondolea likiwemo, halafu unaiondoa kistaarabu.

---

Mama Sufuri

Kabla hajagusa Safe Mode, jamani! Mbona mnampeleka mtu vitani bila ngao?

Mwanangu Kipanya, laptopu nyingi za Windows 11 diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, bila mwenyewe kujua. Inajiwasha ulipoingia mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft. Siku zote huioni. Siku ukipita njia ya ukarabati kuelekea Safe Mode, inaweza kukusimamisha kwenye kioo cha bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Mimi nilikaa mbele ya kioo hicho jioni nzima, ufunguo uko kwenye akaunti ambayo nenosiri lake lilikuwa limehifadhiwa kwenye kompyuta ileile iliyofungwa. Fikiria.

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika:

manage-bde -status

Ikisema Protection On kwenye C, endelea na hii:

manage-bde -protectors -get C:

Itakutolea tarakimu zenyewe. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi. Sijasema upige picha ya kioo uihifadhi humohumo.

La pili, jikumbushe nenosiri lenyewe la akaunti, si PIN. Safe Mode mara nyingine inaikataa PIN.

La tatu, hiyo antivirusi ina karantini (inapofungia mafaili inayoyashuku), na nyingine zina sanduku la kufungia mafaili ya siri. Kama uliwahi kuweka chochote kwenye sanduku hilo, usiiondoe mpaka umekitoa. Ikiondoka na ufunguo wake, mafaili yanabaki lakini huyafungui tena.

Na kama uliwahi kulipia, kuiondoa kwenye kompyuta hakusitishi malipo. Malipo yanasitishwa kwenye akaunti yako ya kwao.

---

Kibodi Kavu

Mbona mnazunguka sana? Fungua regedit (pa kuhariri sajili ya mipangilio ya Windows), tafuta jina la hiyo antivirusi, futa kila kinachotokea. Umemaliza.

---

Fundi Bila Bisibisi

Kibodi Kavu, hapana. Kipanya, hapo usiguse kabisa.

Antivirusi hujipachika kati ya Windows na vifaa: kwenye diski, kwenye mtandao, nyingine hata kwenye kibodi ili kuzuia wizi wa nywila. Kila kifaa kina orodha ya driva zinazotakiwa kuamka pamoja nacho. Ukifuta driva lakini jina lake likabaki kwenye orodha, Windows inaliita, halijibu, na kifaa hakiwaki. Ikiwa ni kibodi, unajikuta kwenye kioo cha kuingilia huwezi kuandika nenosiri. Ikiwa ni diski, mashine haiwaki kabisa.

Mnakumbuka Julai 19, 2024? CrowdStrike walituma sasisho moja lenye kasoro kwa programu yao ya ulinzi, na Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Viwanja vya ndege vilikwama. Kilichowaangusha kilikuwa faili moja la data lililosomwa na driva inayokaa kwenye kiini, palepale ninapokueleza. Na dawa yake kwa mashine nyingi ilikuwa kuingia Safe Mode na kulifuta faili hilo kwa mkono, ambapo mafundi wengi wakakwama wakitafuta tarakimu 48 za Mama Sufuri.

---

Mama Sufuri

Asante kwa kunitetea.

---

Ofisi Kuu

Swali la kizushi: hiyo laptopu ni yako au ya mwajiri? Kama ni ya kazini acha kama ilivyo, wapigie watu wa TEHAMA. Huko antivirusi inaweza kuwa na nenosiri la kuzuia isiondolewe, na huo mchezo wako wa Delete wameshauona.

---

Kipanya Mkaidi

Ni yangu mwenyewe mkuu.

Mrejesho. Nimefuata ya Mama kwanza. Na kweli bwana, Protection On! Miaka miwili ninayo mashine hii sijawahi kujua. Nikaziandika tarakimu zote 48 kwenye karatasi, nikazisoma tena kwa sauti kuhakiki, mtu aliyekuwa sebuleni akaniuliza nampigia nani simu.

Nikapakua zana ya mtengenezaji nikaiweka kwenye desktopu kabla ya kuzima, maana nilichagua Safe Mode ya kawaida isiyo na mtandao. Nikashikilia Shift nikabofya Restart, halafu Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart. Hapo ndipo kioo cha bluu kikaja kudai ufunguo. Nikaandika namba moja moja. Nilikosea kundi la tano, ikakataa, jasho likanitoka, nikarudia, ikakubali. Nikabonyeza 4, nikaingia.

Zana ikafanya kazi kama dakika sita, ikaomba kuwasha upya. Kuwaka, ikoni haipo! Michakato haipo! Windows Security yenyewe imewasha Microsoft Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, bila kuambiwa.

Ila sasa sina intaneti. Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa, hakuna ukurasa unaofunguka. Naandika hapa kwa simu.

---

Fundi Bila Bisibisi

Usishtuke, hilo lilitarajiwa. Ilikuwa imejipachika kwenye njia ya mtandao ili ichuje kila kinachopita, na imeondoka bila kuirudishia njia mpangilio wake. Command Prompt kama msimamizi:

netsh winsock reset

netsh int ip reset

Kisha washa upya. Ikigoma, nenda Settings, Network & internet, Advanced network settings, Network reset. Hiyo itakusahaulisha nywila za Wi-Fi zote, kwa hiyo ifanye ya mwisho.

---

Kipanya Mkaidi

Intaneti imerudi kwa zile amri mbili tu. Fundi, Mungu akubariki.

Lakini wakuu, mnanitania? Nimefungua brauza, dakika tano hazijaisha, kona ileile ya chini kulia: "Kompyuta yako ina virusi 5, bofya kusafisha." Imerudi. Nimeiua ikafufuka.

---

Nukta Tatu

Tulia. Usibofye ndani yake. Likichomoza tena angalia maandishi madogo kwenye hilo dirisha. Kuna jina la brauza na anwani ya tovuti?

---

Kipanya Mkaidi

Linaonyesha Chrome, na chini yake anwani ya ajabuajabu, herufi na namba zimechanganywa tu.

---

Nukta Tatu

Basi hiyo si antivirusi, na hakuna kilichofufuka. Ni arifa ya tovuti. Kuna siku ulifungua ukurasa, ukatokea ujumbe kwamba bofya Allow ili uendelee au kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ukabofya. Tangu siku hiyo tovuti hiyo ina kibali chako cha kukutumia matangazo hata ukiwa hujaifungua. Inaiga sura ya antivirusi kwa sababu watu huiogopa. Hakuna iliyokagua diski yako wala kuona virusi vitano, maandishi hayo anatumiwa kila mtu.

Kwenye Chrome: Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications. Utakuta orodha ya walioruhusiwa. Toa usiyoitambua. Kisha palepale chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba tena.

---

Kipanya Mkaidi

Nimekuta tovuti kumi na moja! Moja tu naijua.

Kwa hiyo muda wote huu madirisha yalikuwa ya watu wawili tofauti, na mimi hasira zote nilimmalizia mmoja. Yale ya "lipia sasa" yalikuwa yake kweli, lakini yale ya "virusi 5" namwomba radhi marehemu.

Swali la mwisho: Defender peke yake inatosha, au nitafute nyingine?

---

Kibodi Kavu

Weka mbili, ulinzi unakuwa mara mbili.

---

Mama Sufuri

Kibodi Kavu, leo umeamua. Mbili zikiwa macho kwa pamoja zinagombania kila faili linalofunguliwa, moja inalishika, nyingine inalisubiri, mashine inaganda. Ndiyo maana Defender hujiweka pembeni yenyewe ikiona nyingine imesajiliwa.

Kwa matumizi ya kawaida inatosha mwanangu, mradi Windows inapata masasisho yake na huendi kubofya Allow hovyo. Ukitaka kuhakikisha iko macho, tafuta maandishi ya majaribio ya EICAR. Ni herufi 68 tu, hayana madhara yoyote, antivirusi zimekubaliana kuyachukulia kama virusi kwa ajili ya kupima. Yabandike kwenye Notepad uhifadhi.

---

Kipanya Mkaidi

Nimehifadhi, kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya Defender imepiga kelele na faili limeondolewa.

Nimeendesha pia fltmc kama msimamizi, nimeona mahali inatajwa kwamba inaorodhesha driva zinazochuja mafaili. Jina la yule bwana halipo. Upande wa antivirusi kuna WdFilter tu, ambayo nimesoma ni ya Defender. Mnaridhika?

---

Fundi Bila Bisibisi

Safi kabisa. Folda tupu iliyobaki Program Files sasa unaweza kuifuta, itakubali.

---

Kipanya Mkaidi

Imekubali. Haikuomba hata ruhusa.

---

Taa Nyekundu

Ungeformati ungekuwa umemaliza tangu juzi.

---

Kipanya Mkaidi

Karatasi ya tarakimu 48 bado ninayo. Ukitaja formati tena nakusomea zote.