Replika ya bunduki ya Enfield 1853 kwa askari wa 54th Massachusetts: mtutu niuache na bluu au ning'arishe?

Mpwa_wa_Philly
Wakuu salaam. Niko Philadelphia, nimejiunga na kikundi kinachoigiza 54th Massachusetts, wale askari weusi wa jeshi la Kaskazini kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, waliovamia ngome ya Fort Wagner kule South Carolina tarehe 18 Julai 1863. Kila mtu anatakiwa aje na Enfield ya 1853, ile ndefu ya pete tatu (za chuma zinazofunga mtutu kwenye mbao), mtutu inchi 39. Nimepata replika ya Kitaliano, chuma chake kizuri sana, ila ukiiweka pembeni ya bunduki halisi unajua tu hii ni ya juzi, kitako kinang'aa vanishi kama meza ya hotelini na juu ya mtutu kuna jina la kiwanda na onyo kwamba itumie baruti nyeusi tu. Naona njia tatu. Moja, nikwangue vanishi na kufuta hayo maandishi mwenyewe halafu mtutu niuache na bluu yake, ile rangi ya bluu-nyeusi inayopakwa chuma kisishike kutu. Mbili, nifanye hayo hayo ila mtutu niung'arishe uwe mweupe kabisa, maana vikosi vingi vya Kaskazini walifanya hivyo. Tatu, nimpe fundi wa replika abadilishe kila kitu mpaka pete. Mnashauri ipi?

Fundi_Hamadi
Yoyote utakayochagua anza na mbao, mwenzangu, watu wanahangaika na chuma wakati kinachokusaliti ni kitako. Usikimbilie msasa. Fungua vyuma vyote, chukua kipande cha kioo chenye ukingo mkali, vaa glavu, kwangua vanishi taratibu ukifuata nyuzi za mbao. Pale mbao inapokutana na bamba la mtambo, lile bamba la chuma la ubavuni lenye mtambo wa kufyatulia, usiguse kabisa ule ukingo, ukiuviringisha umeharibu, kwenye bunduki ya zamani mbao na chuma vinakutana kwa kona kali. Ukimaliza futa kwa kitambaa kibichi, nyuzi zisimame, zikikauka piga msasa laini. Halafu mafuta ya kitani, kidogo sana, unasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, unaacha ikauke ndo unarudia. Na vile vitambaa vya mafuta USIVIKUNJE ukavitupa kwenye ndoo, vinajiwasha vyenyewe, vitandaze nje vikauke kwanza.

Binti_Kisauni
Mimi napiga kura ya bluu na sababu yangu ni tarehe. Enfield zilikua zinatoka kwa mafundi wa Birmingham na London mtutu ukiwa na bluu tayari. 54th waliondoka Boston tarehe 28 Mei 1863, Wagner ni Julai, hata miezi miwili haijaisha na katikati hapo ni meli, mchanga, na mapigano ya James Island tarehe 16. Kwa hiyo bluu iliyochubuka kidogo mdomoni mwa mtutu panapoingia singe, na pale mkono wa kushoto unaposhika. Mtutu mweupe unamfaa zaidi askari aliyekaa kambini muda mrefu akikaguliwa kila wiki. Kama kikundi chenu kinafanya pia yale mapigano ya Olustee kule Florida, Februari 1864, hapo nakuelewa ukitaka kung'arisha. Lakini kumbuka ukishatoa bluu kwa siki hairudi, bluu unaweza kuichakaza polepole kila msimu. Hawa watu walikataa mshahara zaidi ya mwaka kwa sababu walipewa dola 10 kwa mwezi wakakatwa 3 za nguo wakati mzungu anapata 13, wanastahili tuwaigize kwa umakini.

Mzee_Mtutu
Dada hapo juu kasema kweli tupu. Mimi naongeza kuhusu njia ya tatu kwa sababu kuna vitu huwezi kwa msasa. Angalia pete zako, replika nyingi zimeigwa kutoka Enfield za mwisho mwisho ambazo kichwa cha skrubu kimezama ndani ya pete, wakati za Birmingham zilizoenda vitani nyingi zilikua na skrubu inayotokeza nje. Pete zinauzwa pekee yake, nunua uweke. Halafu bamba la mtambo: taji na neno TOWER na mwaka ni sawa, ila kama chini ya taji pana VR hiyo ni alama ya bunduki za serikali ya Malkia, zile za biashara zilizouzwa Marekani hazikua nayo. Hapo ndo mpe fundi, kazi ya bamba inataka mkono uliozoea. Namba ya bunduki na alama za majaribio ya mtutu acheni zilivyo, futa tangazo la kiwanda tu. Na asikushawishi mtu kugonga ile alama ya herufi JS yenye nanga kwenye kitako, hiyo ni ya bunduki za jeshi la Kusini, maadui zao, kwenye mikono ya askari wa 54th ni matusi.

Kijana_Mbeya
Samahani wakuu naingilia, huku kwetu babu aliacha gobore lenye kitako kimekauka, naweza nalo nikalikwangua hivyo kwa kioo?

Fundi_Hamadi
Hapana mdogo wangu, hata kidogo. Kwanza gobore linataka leseni, kama babu hayupo nenda polisi na mzee wa familia mlitolee taarifa. Pili hiyo si replika, ile rangi ya mikono ya babu kwenye mbao ndo thamani yenyewe, ukikwangua imeenda. Haya tunayosema ni kwa kitu kipya tu.

Mpwa_wa_Philly
Nawashukuru sana, dada Kisauni umenimaliza na hizo tarehe. Basi bluu inabaki, mbao nafanya mwenyewe, pete naagiza, bamba nampa fundi. Swali la mwisho, ikishakaa vizuri hivyo siku nikiuza si mtu anaweza kuiuza tena kama ya kale?

Mzee_Mtutu
Anaweza, na wapo wanaofanya hivyo. Kabla hujarudisha mtutu kwenye mbao mwambie fundi agonge neno REPLIKA na mwaka upande wa chini, panapofichwa na kitako. Kwenye gwaride hakuna atakayeona, ila mnunuzi yeyote makini lazima atoe mtutu aangalie chini.