Turbini ya kupandishia warukaji: nilipie kozi ya Caravan mwenyewe au nianzie Cessna 182?

Saa260
Habari wakuu. Nina leseni ya urubani wa biashara na saa 260 za kuruka, karibu zote kwenye ndege za injini ya pistoni. Nataka kazi ya kupandisha warukaji wa parachuti. Naona njia tatu: nilipe kozi ya Cessna Caravan (turbini moja) kwa hela yangu, nianze na Cessna 182 (ndogo, ya pistoni) nikisubiri kupandishwa, au nijikaze nirukie Twin Otter (turbini mbili) kabisa. Mlio kwenye kazi hii mngechagua ipi?

MshikaUsukani
Mkuu, hujasema leseni yako ni ya mfumo gani, na hapo ndipo watu wanapotupa hela. Marekani hakuna kitu kinachoitwa idhini ya Caravan. Ndege ya propela isiyozidi pauni 12,500 (kama kilo 5,670) haidai idhini ya aina, yaani ya modeli hiyo peke yake, na Caravan, Pilatus Porter na Twin Otter zote zimo humo. Caravan inataka sahihi ya mwalimu kwenye kitabu chako cha saa, ile ya injini inayozidi nguvu farasi 200. Sahihi hiyohiyo utaipata kwenye 182! Twin Otter utaongeza idhini ya injini mbili. Baada ya hapo mwenye kauli ni kampuni ya bima: ikisema saa zako hazitoshi, hukai kile kiti.

Ulaya chini ya EASA, mamlaka yao ya usalama wa anga, ni habari nyingine. Turbini ya injini moja ina idhini yake ya daraja, na mtahini anakupima angani. Idhini ya Caravan haikupi Pilatus Porter. Hiyo ina ya kwake. Twin Otter ni idhini ya aina, kozi kamili, bei yake usiulize ukiwa umesimama.

PistoniBasi
Mimi nililipa. Nilitoka na cheti kizuri na saa chache za turbini, nikaanza kuzunguka vituo vya warukaji. Kila nilipobisha naulizwa: umeshapandisha warukaji mara ngapi? Sifuri. Cheti kikakaa kwenye droo msimu mzima. Aliyenipa kazi hatimaye aliniweka kwenye 182.

BintiMawingu
Pole, ila usimtishe mwenzako. Nina rafiki aliyekuwa na karatasi mkononi siku rubani wa kituo alipoondoka ghafla, akaingia yeye. Bahati ipo, lakini siwezi kumshauri mtu akope kwa ajili ya bahati.

Msimamo wangu ni 182. Unabeba watu wanne, unapanda polepole hadi unachoka, kisha mmoja anatoka kusimama kwenye kikanyagio juu ya gurudumu na ndege nzima inavuta upande. Hapo unajifunza kushika mwendo na mwelekeo huku unaongea na waongozaji redioni na kusoma upepo. Kisha kushuka: ukikata nguvu yote juu kwenye baridi, silinda zinapoa ghafla na unaweza kuzipasua, kwa hiyo unajifunza kuihurumia injini. Siku njema unatua mara nyingi kuliko rubani wa masafa marefu anavyotua mwezi mzima.

Caravan hali ni ileile, ila uzito ni mkubwa zaidi. Kundi zima linasogea mlangoni nyuma kwa pamoja, kitovu cha uzito kinarudi mkiani, na kama umeacha mwendo ushuke, ndege inaweza kupoteza mnyanyuko na kuanza kuzunguka na watu bado wamening'inia nje. Hilo kozi ya kawaida haikuonyeshi, maana siku ya kozi huko nyuma viti vitupu.

FundiPT6
Wote mmesahau injini yenyewe. Turbini haipasuki kwa kupoa, kweli, lakini unaweza kuiunguza kabla hujatoka maegeshoni. Ukiwasha PT6, injini ya turbini ya Caravan: tazama betri kwanza, chini ya volti 24 usijaribu. Subiri mzunguko wa injini utulie juu ya asilimia 12 ndipo ufungue mafuta. Joto la ndani ya injini likikimbilia 1,090°C, una sekunde 2 tu. Mkono wako uwe tayari kukata mafuta, usianze kuutafuta. Nimefungua injini iliyowashwa na kijana aliyekuwa anamsikiliza mwenye kituo akimhimiza dirishani. Yale mapanga ya turbini ndani yalikuwa yameyeyuka kama mshumaa.

Na wanaotoka kwenye Porter wanisikie: Porter inaruhusiwa kurudisha propela kwenye beta (mapanga yanalala hadi yanakuwa breki) angani, ndiyo maana inashuka kama jiwe. Caravan ni marufuku kupitisha wenzo wa nguvu chini ya aidili (nguvu ya chini kabisa) ukiwa hewani. Tabia mliyoibeba kutoka ndege moja iacheni hukohuko.

Saa260
Asanteni sana. Leseni yangu ni ya EASA. Kwa hiyo nikianza na 182, ile idhini ya Caravan nitaipata vipi bila kulipa?

BintiMawingu
Tafuta kituo chenye 182 na Caravan pamoja. Kabla hujakubali uliza mambo mawili: bima yao inataka saa ngapi kabla hujapewa Caravan, na mtihani analipa nani. Wengine wanalipa wao kwa masharti ya kuwafanyia kazi misimu kadhaa; soma inasemaje ukiondoka mapema. Kama jibu ni "tutaona ukishafika", endelea kutafuta.

PistoniBasi
Mimi niliambiwa hivyohivyo, "tutaona". Msimu wa tatu huu, bado niko 182.