Wimbo wa mapenzi uliotekwa na wabaguzi: kuufungia kunasaidia?

Wadau, tujadili hili la Ujerumani. Mei 2024, kisiwani Sylt, wanakokwenda kula maisha wenye pesa zao, vijana waliopendeza, glasi mkononi, walijirekodi wakiimba "Ujerumani kwa Wajerumani, wageni watoke!" juu ya mdundo wa wimbo wa mapenzi wa DJ Mwitaliano, Gigi D'Agostino. Mmoja kaweka vidole viwili chini ya pua, kuigiza sharubu za Hitler. Wanacheka tu. Utani wenyewe hawakuuanzisha wao. Ulizagaa TikTok tangu klipu ya kijiji cha Bergholz, Oktoba 2023. Basi Oktoberfest, tamasha kubwa la bia la Munich, ikaupiga marufuku wimbo mzima.

Mimi napinga. Wimbo wenyewe hauna neno lolote la kumfukuza mtu. Ukiufungia umewaandikia hati miliki wabaguzi: sasa hata mdundo mtupu ukilia, ukumbi mzima unajua kilichokusudiwa. Na ujanja wa mrengo mkali wa kulia uko hapohapo. Ukikasirika, unaambiwa hujui utani, ukinyamaza, utani huo unazoeleka. Vijana wengi waliisambaza klipu ya Sylt ili kuwaumbua waimbaji, na kweli baadhi walifukuzwa kazi. Lakini pia waliufikisha wimbo kwa watoto wa shule ambao hawakuwa na habari nao. Mnasemaje?

Mchangiaji, Hamburg:
Mleta mada, inaelekea hujawahi kuwa mweusi peke yako kwenye hema la bia. Wimbo ule ukianza, huchezi. Unaanza kwanza kutazama midomo ya watu. Mwenye hema akisema haupigwi, jioni yangu imepona. Hayo ya nani kashinda intaneti mtajuana wenyewe.

Mchangiaji mwingine:
Mbona hamsemi kuhusu kuwapokonya wabaguzi alama walizoziteka? Pepe, yule chura wa vibonzo vya Matt Furie, wabaguzi wa Marekani walishamfanya wao. Mwaka 2019 vijana wa Hong Kong wakambeba kwenye maandamano yao ya kudai demokrasia, akawa wao.

Mleta mada:
Hong Kong iliwezekana kwa sababu wengi kule walimjua kama chura wa kuchekesha tu. Ujerumani hakuna asiyejua wimbo huu sasa una maana gani. Ndugu wa Hamburg, kwa jioni yako sina ubishi. Ila hema lina spika ya kuzima. Kwenye basi la shule wanaimba kwa midomo, hapo utazima nini?